Mimi Nimekwisha Kula Jikoni

Nizwa, 12 Aprili 2025

Dada yangu Saliha,

"Njaa hairithiwi. Mtu akishakula akashiba, mwili wake umesahau, na mtoto anayezaliwa hana habari nayo."

Ndivyo alivyosema binamu yetu Hisham siku ya pili ya Idi kule Ibra, mbele ya masinia ya wali na watu thelathini, na nyote mkaitikia kwa vichwa kama wanafunzi. Uongo. Nitakuonyesha uongo huo uko wapi, lakini kwanza shikamoo. Nimetanguliza ugomvi kabla ya salamu. Mama angekuwa karibu angenifinya.

Sisi hatujambo. Mume wangu Ishak anakusalimu, bado anagombana na mkandarasi wa paa. Binti yangu Wiam ana mimba ya miezi mitatu, alhamdulillahi, anatapika asubuhi halafu anaendesha gari hadi Maskati kazini, na mumewe Firas anamfuata nyuma kwa gari la pili kama msafara wa waziri.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mbili. Mara ya mwisho nilikukatia simu, na sasa naona haya kupiga. Tena simu yako inachezewa na wajukuu, wanasoma kila kinachoingia. Barua ya Kiswahili unaweza kuiacha wazi mezani, hakuna mtoto hata mmoja katika ukoo huu anayeweza kuisoma. Hamood ataileta akirudi Sur na masanduku yake matupu ya samaki.

Sasa Hisham. Waholanzi walipigwa na njaa majira ya baridi, mwisho wa Vita Kuu ya Pili. Miaka sitini baadaye wataalamu waliwapima watu ambao mimba zao zilitungwa wakati ule, wazee wenye vitambi na pensheni, wakakuta alama katika miili yao zinatofautiana na za ndugu zao waliotungwa wakati wa shibe. Vinasaba vyenyewe havikubadilika. Ni zile alama ndogo za kemikali zinazokaa juu yake, zinazokiambia kimoja lala, kingine amka. Mama akikosa chakula, mtoto aliye tumboni anapelekewa habari, na habari ile anazeeka nayo.

Na mimi? Nimezaliwa Januari 1972, Mkunazini, Unguja, katika miaka ile ya foleni za chakula. Kilo mbili kasoro. Mkunga alinifunga kwenye pamba. Kisukari kilinikamata nikiwa na miaka thelathini na minane, kama kilivyomkamata Mama. Wewe uliyezaliwa kabla, wakati wa shibe, una miaka sitini na miwili na unakula halua kwa kijiko. Hisham aeleze hilo.

Kitengo cha utafiti anachofanyia kazi Wiam kinatafuta kina mama na watoto wao. Wanachukua damu kidogo, kijiko kimoja cha chai, wanalinganisha alama za mama na za mtoto. Mimi nimeshatoa yangu. Nataka ya Mama. Makala yangu iko tayari kwenda gazetini, imebaki sehemu ya mwisho. Wiam anaweza kuja Sur na vifaa vyake siku yoyote utakayotaja.

Nijibu ndiyo, au ndiyo.

Mdogo wako,
Amna


Sur, 3 Mei 2025

Mdogo wangu Amna,

Marahaba, na nimekusamehe kunikatia simu, kwa sababu ulipokata nilikuwa na mimi nataka kukata.

Hatujambo. Mwanangu Laith yuko kambini Al Mintirib, anasema watalii wamepungua, joto limewakimbiza, sasa anawachunga ngamia ambao hawana wa kuwapanda. Mume wangu, Mzee Musallam, yuko Jalan Bani Bu Ali kwenye mitende yake, anapunguza vichala, na mimi nakwenda huko siku mbili tatu kila wiki kumpikia, maana akiachwa peke yake anakula tuna ya kopo na kitunguu. Mama namwacha na Makungu. Huyu msichana wa Tanga Mungu amlipe, hata binti wa kuzaa hafanyi vile. Mwanawe amefaulu mtihani kwao, tumempa siku nzima ya kupiga simu na kulia.

Mama hajambo, ila macho. Haoni maandishi tena. Anauliza habari zako, anauliza Wiam anakula nini. Nimemwambia anakula limau na chumvi, akacheka, akasema, "Kama mimi na yule wa vitabu." Yule wa vitabu ni wewe.

Ana mtindo mpya. Anaficha mkate chini ya mto. Makungu akibadilisha shuka anakuta vipande vimekauka kama vigae. Nimemuuliza, "Mama, huu wa nani?" Akaurudisha chini ya mto.

Juzi nimekuta lile beseni la bluu tulilokuja nalo kutoka Unguja, lile lenye kovu ukingoni. Nikalinusa, ujinga wangu. Linanuka plastiki. Lakini kwa dakika moja nilikuwa uani Mkunazini, Bi Mwanamboka jirani anachuma asumini kwenye ungo, anatupa moja moja juu ya ukuta, nami nazipokea kwa sketi. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Kwa nini usiandike hayo? Kila makala yako ina mtu anapigwa. Andika walau moja ambayo haina.

Habari ya damu, hebu ngoja kwanza. Mishipa ya Mama imejificha, hospitali walimtoboa mara tatu mwezi wa pili akawa na michubuko wiki nzima. Na hiyo njaa, watu walikuwa wengi na wote walizaa. Ulikuwa mdogo, kweli, lakini ulilia ukasikika hadi msikitini. Huo si mwili uliosahauliwa.

Nakutumia samaki wa ng'onda kilo mbili. Uloweke vizuri, usije ukanilaumu.

Dada yako,
Saliha


Nizwa, 9 Mei 2025

Dada Saliha,

Shikamoo. Ng'onda nimeipokea, nimeiloweka, nimeila, ahsante. Ishak amekula kimya, kwake hiyo ni sifa. Wiam amekuja Ijumaa, anakuita "mama mkubwa yangu" na nimechoka kumsahihisha.

Umeniandikia kurasa mbili na hukujibu swali. Mishipa! Mama ametobolewa kila miezi mitatu kwa miaka ishirini kwa ajili ya sukari, na leo mishipa imejificha kwa sababu anayeomba ni mimi?

Ninakujua. Ukiwa hutaki kusema jambo unaniletea asumini. Ulifanya hivyo Baba alipokufa, ukafanya hivyo nilipotaka kuolewa na yule wa kwanza. Safari hii sikubali.

Basi acha damu kidogo, nipe kumbukumbu. Ulikuwa na miaka minane, na unakumbuka hadi kovu la beseni. Niandikie Mama alikuwa anakula nini alipokuwa na mimba yangu. Nani alikuwa na kadi ya mgao? Nani alikwenda foleni, maana Baba alikuwa ametangulia Mombasa kututafutia njia? Mkate ulifika nyumbani mara ngapi kwa wiki, na Mama aliupata kiasi gani? Sitaki ungo wa maua, nataka idadi. Wakubwa wa siku zile wametulia wanakula pensheni, na wengine wameshakufa wakasifiwa kwenye redio. Kila anayejua akanyamaza anamsaidia Hisham, na Hisham anawasaidia wao.

Sentensi ya kufungia makala nimekwisha kuiandika, na nimeipenda. Isikilize:

"Yeyote aliyekula mkate wa mama mwenye mimba katika miaka ile alikula katika mwili wa mtoto aliyekuwa tumboni, na mtoto huyo bado yu hai, na ana haki ya kumjua."

Niambie kama kuna mtu atakayeisoma hiyo akabaki amekaa vizuri kwenye kiti chake.

Msomee Mama barua hii. Yeye hajawahi kuniogopa.

Amna


Sur, 21 Juni 2025

Amna,

Marahaba. Nimechelewa, Idi ilitukuta na shughuli, na Hamood aliharibikiwa na gari karibu na Ibra, samaki wote wakaoza. Laith hajambo. Mzee Musallam hajambo. Tende za rutabu za mwanzo zimeiva Jalan, ndoo hii ni yako, kula kwa kiasi na upime sukari.

Mama hali yake si nzuri sana. Ameacha mkate. Kwanza tukadhani meno. Tukamchovyea kwenye chai, hataki. Sasa ameacha na wali. Anakunywa uji nusu kikombe nikimshikia, na kila nikimletea sinia anasema, "Mimi nimekwisha kula jikoni." Makungu anaapa hajaingia jikoni tangu Shaabani, miguu haimfikishi. Daktari amekuja, amepima kila kitu, anasema hakuna ugonjwa aliouona, ni uzee. Amepungua kilo nne.

Nimemwuliza Makungu imeanza lini. Akainama. Amna, barua zako zote mbili zilifika nikiwa Jalan. Makungu alizipokea, na Mama akamwambia, "Nisomee, ni za mwanangu." Akamsomea, neno kwa neno, hata ile sentensi yako uliyoipenda. Tulidhani watoto ndio hawasomi Kiswahili. Tulisahau nani katika nyumba hii anakisoma vizuri kuliko sisi.

Makungu analia, anadhani amekosa. Nimemwambia hakukosa.

Usiandike tena habari ya damu. Wala habari ya mkate. Usiniulize kwa nini.

Saliha


Nizwa, 26 Juni 2025

Dada Saliha,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama, na mwambie Makungu hana kosa, mwenye kosa ni anayeandika barua kama anahutubia uwanja wa mpira.

Nimepiga simu mara nne tangu jana. Laith anapokea, anasema bibi amelala, mama amelala. Nyumba nzima mmelala saa tano ya asubuhi?

Umesema nisikuulize kwa nini. Mimi nimekula mkate maisha yangu yote kwa kuuliza kwa nini. Lakini safari hii nimeogopa, sijui ninaogopa nini, na nimenyamaza. Makala nimeizuia. Mhariri amekasirika, akasirike.

Nije? Sema neno moja nije.

Amna


Sur, 2 Agosti 2025

Mdogo wangu Amna,

Umeniandikia "Nije?" na mimi nimekaa wiki tano bila kujibu. Wajukuu hawajambo, nyumba iko salama, Mama yu hai. Hizo ndizo salamu. Mengine nitayasema mara moja tu, kisha usiniulize nirudie.

Aliyekuwa akienda foleni ni mimi.

Baba yuko Mombasa, Mama ana mimba yako, miguu imemvimba hawezi kusimama. Kadi yetu ilitoa mkate mmoja wa boflo kwa siku, siku unapopatikana. Nilikuwa naondoka baada ya sala ya alfajiri, kadi nimeifunga kwenye pindo la mtandio. Watu walikuwa wanaweka mawe kushika nafasi, kila mtu na jiwe lake. Langu lilikuwa kipande cha chokaa cheupe, nililiokota kwenye ukuta uliobomoka. Bado nikifumba macho naliona, la kumi na saba, la ishirini na tatu.

Mkate ulitoka wa moto. Unajua harufu ile. Siku ya kwanza nilitoboa tundu la kidole upande wa chini, mahali pasipoonekana, nikatoa kidonge kimoja cha ule ulaini wa ndani, nikasema basi. Siku ya pili tundu likawa tayari ni njia. Nilikuwa natembea nimeukumbatia, watu wanasema, "Mtazame Saliha anavyomtunza mamake," na mkono wangu uko ndani. Nilipofika nyumbani nilimpelekea Mama ganda. Jepesi kama kibuyu. Haikuwa siku moja, Amna. Ni siku nyingi, hadi ulipozaliwa. Ulitaka idadi, sina.

Mama aliupokea kwa mikono miwili. Niliiona mikono inapanda juu kidogo, kwa sababu ilitegemea uzito na uzito haukuwepo. Akanitazama. Mimi nikatazama beseni. Akalikata lile ganda, akanipa nusu. Nikamwambia, "Na hii nyingine, Mama, yako?" Akasema, "Na hiyo yako pia. Mimi nimekwisha kula jikoni."

Jikoni jiko lilikuwa baridi. Lilikuwa baridi tangu jana yake.

Ulipozaliwa nilikuwa mlangoni. Mkunga akasema, "Mbona kama kifaranga huyu?" Nikakimbilia uani. Kila ulipougua utotoni, kila ulipojidunga sindano, kila uliposema kwa fahari "kilo mbili kasoro" mbele za watu, mimi nilikuwa nimesimama mlango ule ule. Halafu ukaniandikia sentensi yako. Na kweli, sikubaki nimekaa vizuri kwenye kiti changu.

Nilidhani ninaificha siri kwa Mama. Wiki iliyopita nimemletea mkate kwenye maziwa, nikambembeleza. Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Akasema, "Usiwape damu yangu. Wakiisoma watamwona Saliha." Alijua, Amna. Miaka hamsini na mitatu alijua, na anadhani madaktari watasoma kwenye damu nani alikula na nani hakula.

Akili yake sasa inakwenda na kurudi. Hali mkate kwa sababu anasema Saliha bado yuko foleni, amwekee, ale akirudi. Ndiyo maana anauficha chini ya mto. Ninamwambia, "Mama, mimi ndiye Saliha. Nimerudi." Ananitazama kwa adabu, kama mgeni. Ananiambia, "Saliha ni mtoto, bibi wewe."

Huyo mtu uliyesema una haki ya kumjua, umemjua sasa. Andika unavyotaka.

Saliha


Nizwa, 7 Agosti 2025

Dada yangu Saliha,

Shikamoo. Shikamoo tena, hiyo ni ya wiki tano ulizoninyima. Ishak hajambo, paa limekwisha na linavuja. Wiam ameingia mwezi wa saba, mtoto anapiga mateke. Mimi sijambo, na nina hasira, na hasira hiyo haikuhusu wewe, basi kaa chini usome.

Hamood alinikuta sokoni akanipa barua yako mkononi. Nimeisoma nimekaa juu ya sanduku lake la samaki, mbele ya wanunuzi, na nililia hadi mtu mmoja akauliza kama jodari amepanda bei.

Kurasa nane niliandika, Saliha. Mahali pote nimeuliza nani alikula. Sikuuliza hata mara moja alikuwa na umri gani. Niliwalenga wakubwa waliokaa maofisini, nikapiga, na aliyekuwa amesimama pale ni mtoto mwenye meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota, ameshika jiwe la chokaa. Sentensi ile nimeifuta. Nilikuwa nimeipenda, na hilo pekee lilitosha kunitia shaka.

Nimemwuliza Wiam, bila kumtajia jina la mtu: damu ya mama na ya mtoto mkiziweka pamoja, mnaona nani alikula nini? Akanicheka. "Mama, sisi nasoma watu mia nne pamoja. Wewe peke yako siwezi nakusoma. Naona mama na mtoto nafanana, lakini kwa nini nafanana, hiyo ngumu. Pengine vinasaba, pengine nyumba moja, chakula moja, ugonjwa moja." Sarufi imevunjika, lakini elimu iko sawa. Mama aliugua malaria miezi ya mwisho ya mimba yangu, mwenyewe alinisimulia. Alikuwa na hofu, mume yuko ng'ambo. Watu elfu walizaliwa wadogo miaka ile, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na dada kama wewe. Hakuna damu inayokutaja, Saliha. Mama anaweza kuitoa yote, haitakutaja.

Nimempigia simu Hisham pia. Nimemwambia, "Nusu ya maneno yako ya Idi ni uongo, na nusu ya maneno yangu pia." Akauliza, "Nusu ipi?" Nikamkatia simu. Sijabadilika kabisa, usiogope.

Lakini kuna jambo nimeliona ambalo halimo katika makala yoyote. Ijumaa iliyopita Wiam alikuja na Firas, na dada yake Firas na watoto wake wanne, bila taarifa. Nikapakua. Chakula hakikutosha vizuri, unajua hali ile, unazungusha mwiko kwenye sufuria kama unatafuta pete. Nikamwona Wiam, miezi saba, macho yamemtoka kwa njaa, anaisukuma sahani yake mbele ya mtoto mdogo kuliko wote. Nikamwambia, "Na wewe?" Akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka, hakuna kosa hata moja:

"Mimi nimekwisha kula jikoni."

Mimi nilikuwa nimesimama jikoni tangu asubuhi. Hakuingia mtu.

Saliha, msichana huyu hawezi kusema "kitabu changu". Maneno yale amejifunza wapi? Kwangu. Nimemwambia mara ngapi katika maisha yake, sijui, wewe na mimi hatuna idadi. Na mimi nimejifunza kwa Mama. Na nakumbuka, ukitaka kujua, wewe ukiniambia maneno hayo hayo hapa Oman mwaka wa kwanza, tukiwa watano chumba kimoja, mimi nina miaka minne na kidogo, umenipa samaki wako wote. Nilikula. Nilikuamini. Umenilisha miaka yote, na kila ulichonipa ulikuwa unarudisha ule mkate, na hukuniambia. Unafanana na Mama kuliko mimi. Kama hilo limo katika damu au limo mezani, sijali. Niliandika kurasa nane kuthibitisha kwamba njaa hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Sikujua kwamba inapita kwa namna hii, kwa adabu, mbele yangu, kwenye sahani zangu.

Sasa nisikilizeni, maana damu siitaki tena, nataka mengine.

Makungu, najua anayesoma ni wewe, kwa sauti, na Mama amekaa kitandani. Usiruke neno.

Mama, shikamoo. Ni Amna, yule wa vitabu. Saliha amerudi kutoka foleni. Amerudi zamani, salama, na mkate ameuleta. Ulijua alichokifanya na ulimpa na nusu ya pili. Amekula, amekua, ameolewa, ana wajukuu, anakula halua kwa kijiko bila haya. Na mtoto uliyekuwa naye tumboni amezaliwa, na ana sauti inayoudhi watu kutoka Nizwa hadi Ibra. Hakuna aliyebaki nje. Usimwekee mtu tena chini ya mto.

Saliha, Ijumaa tarehe kumi na tano ninafika Sur kabla ya adhuhuri, pamoja na Wiam. Oka mkate mmoja mzima, wa moto. Nikikuta tundu la kidole upande wa chini nitajua ni lako, na nitaanzia kula hapo hapo. Utaukata wewe, mbele ya Mama, aone una uzito. Makungu, na wewe utakaa, si kusimama mlangoni na birika. Wanawake watano, sinia moja, sakafuni.

Na atakayeniambia amekwisha kula jikoni, nitamshika mkono nimpeleke jikoni anionyeshe sahani yake. Wiam nimekwisha kumwonya. Wewe Saliha ninakuonya. Mtakula nikiwaona.

Mama, wewe ndiye utakayeanza.

Amna